Hakuwa Mwembamba, Alikonda

Kiingereza kina maneno ya wembamba kupita mahitaji, au ndivyo wanafunzi wangu wanavyoona. Kuna 'thin', kuna 'slim', kuna 'slender', kuna 'skinny', kuna 'lean', na ukizidi kutafuta unakutana na 'gaunt' na 'emaciated'. Kiswahili kina -embamba, na neno hilo halina ubaguzi: njia nyembamba, kamba nyembamba, kiuno chembamba, mtu mwembamba. Mwanafunzi wa kidato cha pili huku Karagwe nyumbani anazungumza Kinyambo, shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, na sasa anasoma karibu kila somo kwa Kiingereza. Akiuliza maneno yote haya ni ya nini, anauliza swali la haki.

Ninafundisha Kiingereza katika sekondari ya kata, na mada ya kueleza sura na umbo la mtu haikosi kila mwaka. Huwa naanza na mambo yasiyomuuma mtu. Kivumishi kina majirani zake. Uji mwepesi ni 'thin', na nywele chache kichwani ni 'thin' pia. Simu bapa inayoingia mfukoni bila kutuna ni 'slim', na nafasi finyu ya kushinda ni 'slim' vilevile. Nyama isiyo na mafuta ni 'lean'. Njia nyembamba si lolote kati ya hayo, ni 'narrow'. Mengi ya hayo huwezi kuyakisia kwa kanuni. Ni mazoea ya wenye lugha, kama sisi tunavyosema mvua kubwa na jua kali. Mgeni akituambia leo kuna jua kubwa tutamwelewa, lakini tutajua hajakulia kwetu.

Mambo hubadilika neno linapomgusa mtu. 'Slim' na 'slender' husifu. 'Thin' hueleza tu, ingawa ukimwambia mtu ambaye mwezi uliopita hakuwa hivyo, litabeba wasiwasi. 'Skinny' hukejeli, au huwataniana nalo watu waliozoeana. 'Gaunt' na 'emaciated' yametoka kwenye njaa, ugonjwa au kifungo. Msichana mmoja anaweza kutazamwa na fundi anayemshonea sare, na nesi anayempima uzito, na mwenzake waliyegombana bwenini, kila mmoja akachagua neno lake, na asipatikane muongo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi kwamba kivumishi cha aina hii kinamtaja anayesema kabla ya kumtaja anayesemwa.

Basi nachora jedwali la safu tatu ubaoni: maneno yanayosifu, yanayoeleza, yanayokejeli. Ni jedwali linalosaidia, hata kwenye mtihani. Mwaka jana mwanafunzi mmoja anayetoka Kyerwa, vijiji vya karibu na mto, alinyoosha mkono akataka kujua kwa nini 'slim' nimeliweka upande wa sifa.

"Mwalimu, si ndiyo silimu? Bibi anasema ndiyo iliyomuua babu."

Baadhi ya wenzake walicheka, kwa sababu kusilimu wanakokujua wao ni kuingia Uislamu. Wanaotoka kando ya mto hawakucheka.

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka 2012 ilipopewa wilaya yake. Ukifika Murongo na kuvuka Mto Kagera, umefika Kikagati, Uganda. Kinyambo cha huku na Kinyankole cha kule vinaelewana bila mkalimani, na kinachouzwa upande mmoja hakichelewi kufika upande wa pili. Maharage huvuka, kahawa huvuka, nguo huvuka. Maneno nayo huvuka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, watu walianza kudhoofika na kufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Hawakusubiri wataalamu waupe jina. Waliuita kwa walichokiona, na neno walilolishika lilikuwa la Kiingereza: 'slim'. Oktoba 1985 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya madaktari na watafiti, jina la David Serwadda wa Uganda likitangulia, na neno hilo la mitaani likapanda hadi kwenye kichwa cha makala. Kwa Kiganda likawa siliimu, na hadi leo hilo ndilo jina la kawaida la UKIMWI kwa lugha hiyo.

Upande wetu, wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huku watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Utafiti uliofanyika Kagera mwaka 1987 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Vijijini kiwango kilikuwa chini ya hapo, lakini hakuna kijiji kilichohitaji takwimu ili kujua nani anazikwa Jumamosi.

Neno lenyewe lilishasafiri sana kabla ya kufika kwetu. Waingereza walilipata kwa Waholanzi katika karne ya 17, na kwa Waholanzi wa wakati huo lilikuwa na maana ya kitu kibaya au kilichopinda. Leo Mholanzi akikuita 'slim' amekusifu kwamba una akili. Mwingereza akikuita hivyo amekusifu umbo. Bibi wa Kyerwa akilisikia anakumbuka jeneza. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba bibi yake yuko sahihi na jedwali nalo liko sahihi, kisha nikaandika 'slim' mara ya pili, nje ya safu zote tatu.

Swali lile halikuwa geni kwangu, kwa sababu wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimeulizwa jambo linalofanana nalo na mtu mwingine.

Mama yangu alifariki mwaka 1997. Mimi nilikuwa na miaka minne, dada yangu kumi na mmoja. Baba alikuwa ametangulia. Mama mdogo alitufuata na baiskeli mbili za jirani, akatuhamishia kwake, upande ambao leo ni Kyerwa, akatulea. Dada sasa ni muuguzi Leeds, Uingereza, na binti yake wa miaka kumi na mitatu amezaliwa hukohuko. Kiswahili chake kinaishia kwenye shikamoo na chakula kitamu. Shuleni walipewa kazi ya kuandika kuhusu bibi na babu zao. Dada alimwambia amuulize mjomba, maana mjomba ni mwalimu wa Kiingereza. Nadhani pia kuna maswali ambayo ni mepesi yakijibiwa kutoka mbali.

Alinitumia picha pekee ya mama tuliyonayo, na chini yake swali. Alitaka kujua kama bibi yake alikuwa 'slim' kama mama yake. Kwake hilo lilikuwa neno la zawadi. Alimwona mwanamke mrefu aliyesimama wima mbele ya pazia la studio, na akataka afanane naye.

Picha ilipigwa Kayanga mwaka 1996. Mama amevaa gomesi, vazi linalojua kuficha mwili: mabega yamesimama yenyewe, kitambaa kimekunjwa mbele, mshipi mpana umefungwa chini ya kiuno. Lakini mshipi huo umezungushwa zaidi ya ilivyo kawaida, na ncha yake inaning'inia karibu na magoti. Mtu asiyeijua gomesi ataona urembo. Anayeijua ataona kwamba mwenye mwili amepungua na nguo imebaki ileile.

Ningeweza kujibu palepale kwenye simu. Niliamua kwanza kwenda kumwona mama mdogo. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye mkeka, nikakaa, nikasaidia kidogo, ndipo nikauliza.

"Mama, eti marehemu alikuwa mwembamba?"

"Nani? Dada yangu?" Hakuinua macho. "Hakuwa mwembamba. Alikonda."

Kwa wiki nzima nilitembea na sentensi hizo mbili. Kiswahili hupenda kuziweka hali za mwili kwenye vitenzi. Tunasema amekonda, amenenepa, amechoka, ameshiba, amelewa, amezeeka, amedhoofu, amenawiri. Kiingereza mara nyingi huziweka kwenye vivumishi, na mtu huambiwa yuko 'tired', 'full', 'drunk', 'old', 'thin'. Kinyambo cha mama mdogo nacho kiko upande wa Kiswahili katika hili. Mtu si mkondefu tu, kuna jambo limemkondesha.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye sarufi. Kitenzi kina jana yake. Anayesema "amekonda" anakumbuka jinsi mtu huyo alivyokuwa, na pia anaacha nafasi ya kesho, kwamba huenda akarudia hali yake. Kivumishi kinamkuta mtu alipo na kumwacha hapohapo. Ningemwambia mpwa wangu kwamba bibi yake alikuwa 'thin', ningemfanya mama mgonjwa wa maisha yote. Ningekubali 'slim', ningeugeuza ugonjwa kuwa urembo. 'Emaciated' lingekuwa sahihi kwa daktari, lakini ni sahihi kwa miezi minane tu kati ya miaka 33. Maneno matatu yanayokaribiana, na kila moja linamsimulia mwanamke mwingine ambaye hajawahi kuwa mama yangu.

Mama mdogo mwenyewe aliupata ugonjwa uleule. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na yeye alianza kuzimeza 2006, akiwa na kilo 38. Anaikumbuka namba hiyo kama watu wanavyokumbuka tarehe ya harusi. Leo ana kilo 71. Miaka ile ya mwanzo, akienda sokoni, watu walimsimamisha njiani na kumwambia, "Umenenepa!" naye akajibu, "Asante." Msomaji aliyekulia mjini na mitandaoni anaweza kushangaa, maana siku hizi ukimwambia binti wa Dar es Salaam kwamba amenenepa umemharibia siku. Katika Kagera ya miaka hiyo ulikuwa umemwambia kwamba umeona hafi.

Kwa Kiingereza, unene nao una ukoo wake wa maneno, na kuchagua ni kazi ileile. 'Plump' ni laini, huwafaa kuku na mashavu. 'Chubby' ni la watoto. 'Stout' ni la watu wazima wenye kifua, na lina heshima ya kizamani. 'Fat' ni sahihi kwa nguruwe na kwa bahasha ya pesa, ila kwa mtu huuma. 'Overweight' na 'obese' yamevaa koti jeupe: yana mipaka ya namba, uwiano wa uzito na urefu ukifika 25 umeingia la kwanza, ukifika 30 umeingia la pili. Kwenye kliniki ya mama mdogo, mizani hutangulia kila kitu. Huvua kandambili, hupanda, namba huandikwa kwenye kadi. Zikipungua kilo mbili ataulizwa amekula nini na kama anameza dawa. Namba inaandikwa ili irudi kumsaidia mwenye mwili.

Hii si mara ya kwanza mwili wa mwanamke wa Karagwe kupimwa na kuandikwa kwa Kiingereza. Novemba 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika Karagwe, kwa Mukama Rumanyika, Speke akiwa katika safari yake ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Katika nyumba ya kifalme, wake wa wakubwa walinenepeshwa kwa maziwa. Unene wao ulikuwa heshima, na ulionyesha ng'ombe wa mume bila mtu kwenda zizini. Speke alimshawishi shemeji mmoja wa Rumanyika akubali kupimwa, kwa ahadi kwamba naye atamwonyesha miguu na mikono yake bila nguo. Akampima. Mzunguko wa mkono ulikuwa futi 1 na inchi 11, karibu sentimita 58. Paja lilikuwa futi 2 na inchi 7, karibu sentimita 79. Binti wa mama huyo, wa miaka 16, alikuwa hapo hapo akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo ili asiache.

Kitabu kilitoka mwaka 1863. Kuhusu wanawake hao wa ikulu, Speke hakunyima sifa: anataja uzuri wao, na mistari michache mbele au nyuma anawataja kama maajabu ya unene. Neno lake, 'obesity', kwenye Kilatini limetokana na kitenzi cha kula. Siku zile halikuwa bado na mizani wala kliniki. Lilikuwa neno la mtu anayeangalia na kushangaa. Vipimo vyake alivichukua kwa makini, na msamiati wake haukuwa na kosa la lugha. Lakini katika ukurasa ule hakuna neno hata moja ambalo mama yule alilitumia kujieleza mwenyewe, wala neno alilolisema alipoyaona mapaja ya mgeni.

Nilimsimulia mama mdogo habari hiyo siku ileile ya maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alimpima kwa nini? Alikuwa anamshonea gauni?"

Nikasema hapana, alikuwa anaandika kitabu.

"Basi angeandika na alikula nini," alisema. "Na nani alikuwa anakamua."

Tangu hapo nimeliboresha somo langu. Jedwali la safu tatu bado lipo, kwa sababu wanafunzi wanalihitaji. Ila kabla ya kuchagua neno huwataka wajibu maswali matatu. Kivumishi hiki kinakaa na nomino gani? Nani anatazama, na amesimama wapi? Je, hali hii ndivyo mtu alivyo, au kuna jambo limempata? Swali la tatu halimo kwenye vitabu nilivyosomea, nimelipata kwenye mkeka wa maharage. Mara nyingi jibu lake huonyesha kwamba neno linalotafutwa si kivumishi hata kidogo. Kiingereza nacho kina vitenzi vyake, mtu anaweza kuwa 'lost weight', anaweza kuwa 'grew thin', na wanafunzi wengi hawavifikirii kwa kuwa zoezi limewataka wajaze kivumishi.

Mpwa wangu nilimjibu kwa Kiingereza rahisi. Nilimwambia kwamba 'slim' silo neno lenyewe. Nilimwambia bibi yake alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na aliweza kubeba gunia la kahawa ya maganda kutoka shambani hadi barabarani bila kupumzika. Kisha aliugua, na ugonjwa ukamkondesha, na picha aliyonayo ilipigwa wakati huo. Niliutaja ugonjwa kwa jina lake. Nilishazungumza na dada kuhusu hilo, naye alisema mtoto amefika umri wa kujua.

Alisoma, akanyamaza siku mbili. Halafu akaandika tena. Mwalimu wao alikuwa amesema haitoshi kueleza umbo, waandike na tabia. Bibi alikuwa mtu wa namna gani?

Nilimpigia mama mdogo simu. Hakuhitaji kufikiri.

"Mwandikie alikuwa mchangamfu."

Nilichukua karatasi. 'Cheerful' ni mtu mwenye furaha iliyotulia, hata akiwa peke yake. 'Jolly' huwafaa zaidi wazee wanene wanaopenda mzaha. 'Outgoing' ni wa kujichanganya na watu hata wasiojulikana. 'Lively' hatulii, mahali alipo panachemka. Mchangamfu anaweza kuwa yeyote kati ya hao, na mimi nilikuwa na miaka minne, sikumbuki hata sauti yake.

"Mama," nikauliza, "alikuwa anachekaje?"

"Unauliza ili iweje?"

"Nataka kuchagua neno."

Alicheka yeye kwanza. Kisha akaanza kunieleza: kwamba dada yake akicheka alikuwa anapiga makofi, na akizidiwa anashika mgomba ulio karibu, na jirani wa ng'ambo ya bonde alikuwa anaitikia kutoka huko bila kujua kinachochekesha ni nini. Alieleza kwa muda mrefu, mpaka salio likakata. Niliongeza vocha, nikampigia tena, kwa sababu hakuwa amemaliza.